Zamu ya Maji

Chumba cha kompyuta kilikuwa ghala la kahawa.
Mvua ikinyesha, kuta bado zinatoa ile harufu,
na mashine kumi na moja (ya kumi na mbili ilikufa Pasaka)
zinavuma kama nyuki kwenye mzinga wa kuazima.

Nilianza na kitabu: "Itifaki ni kanuni za mawasiliano."
Macho ya kidato cha tatu yakahamia dirishani,
kwenye migomba, kwenye mfereji
unaopita nyuma ya choo cha walimu.
Nikafunga kitabu. Tukatoka nje.

Tazameni, nikasema. Maji haya yametoka juu, msituni.
Hayajui njia ya kwa Kimambo wala ya kwa Mama Shao.
Kwenye kila njia panda kuna jiwe, na tope la kuzibia,
na mtu anayejua leo zamu ya nani.
Huyo mtu ndiye rauta.

"Na zamu ikikosewa?" akauliza Elinami.
Mapanga, nikasema.
Itifaki ni kile kikao kilichokaliwa
ili mapanga yabaki kwenye majani ya ng'ombe.

Tukararua barua moja vipande sita.
Kila kipande namba yake, kila kipande anwani.
Kimoja kikapita kwa Aneth, kimoja kwa Ndelilio,
kimoja kikadondoka topeni.
Kutoka ng'ambo ya mfereji Kokaeli akapaza sauti:
"Cha nne hakijafika! Tuma tena!"
Kikatumwa tena. Ndivyo dunia inavyoongea.

"Lakini mwalimu, anayekishika njiani si atakisoma?"
Atakisoma.
Ndelilio, ambaye mama yake ni wa Rombo,
akachukua karatasi, akaandika kwa Kirombo.
Kikapita mikono minane ya Kibosho
na hakuna aliyeambulia neno.
Sikuwa na la kuongeza. Nikaandika ubaoni: USIMBAJI.

Ukuta wa moto uliwasumbua; walitaka kuuona ukiwaka.
Hauwaki, nikawaambia. Ni Terewaeli pale getini
na daftari lake lililokunjika pembe:
Unatoka wapi? Unakwenda kwa nani? Mlango upi?
Asiyejibu anarudi na baiskeli yake.

Hiyo ilikuwa Jumatatu.

Jumatano, kati ya vipindi viwili, chaki mkononi,
simu ikatetema: *Mwl habari, ni ofisi ya taaluma wilaya,
mfumo wa matokeo umejifunga,
tuma nywila yako haraka kabla ya saa sita.*
Saa sita kasoro dakika nne.
Nikatuma.
Mimi. Kwa kidole hikihiki.

Ijumaa Ndelilio alinisubiri mlangoni.
"Mwalimu, Fizikia nimepata tisini na nane."
Hongera, nikasema.
"Mtihani ule sikufanya. Nilikuwa hospitali na mdogo wangu."

Tukafungua. Darasa zima lilikuwa limefaulu,
hata Elinami, ambaye alikuwa ameandika jina tu
na swali la kwanza nusu.

Ningeweza kusema ni hitilafu, umeme, virusi.
Nilisimama mbele yao, harufu ya kahawa ikanishika koo.
Nikasema: kebo zilikuwa nzima. Terewaeli alikuwa macho.
Kirombo hakikuvuja.
Jiwe nimelitoa mimi, kwa mkono wangu,
kwa sababu mtu aliniambia haraka.

Hakuna aliyecheka. Nilidhani watacheka.
Kisha Aneth, ambaye haongei, akauliza
kama wale wa wilaya wana namba ya mezani,
na kwa nini sikuwapigia kwanza.

Hilo silo somo lililokuwa kwenye mpango wangu wa wiki.

Alama zimerudishwa; Elinami ana kumi na moja yake.
Nywila mpya ni ndefu, haipo chini ya kibodi,
na si jina la ng'ombe wangu.

Usiku huu zamu ni ya Mama Shao.
Nasikia maji yakipita nyuma ya nyumba.
Nachukua tochi, natoka,
naenda kulitazama jiwe.